Nilimpeleka Baba Shimoni kuvua chewa

Tangu niweke zile picha za Februari mmeniuliza sana, ati Shimoni tulienda na nani, boti inakodishwaje, na ule samaki Baba amembeba kama mtoto ni samaki gani. Basi leo nimekaa niandike yote mara moja, na nitaandika kirefu, juu kuna mambo hakuna mtu aliniambia kabla ya safari yangu ya kwanza na hadi leo nikiyakumbuka roho inaniuma.

Kwa wenye hawanijui, mimi ni msichana wa Dunga, bichi ya wavuvi hapa Kisumu kando ya Ziwa Victoria. Baba amevua mbuta (sangara) zaidi ya miaka 40. Mama alikuwa ananunua samaki hapo bichi anapeleka soko la Kibuye, na mimi nimekulia kwa mizani, nikitoka shule naweka begi chini nashika kitabu cha kuandika kilo. Kwetu kazi ilikuwa imegawanywa hivyo, wanaume wanaingia ziwani wanawake wanangoja ufukweni, mwanamke kupanda boti ya kuvua ilikuwa mwiko, ungeambiwa umeleta mkosi kwa nyavu. Sahii kuna wamama wachache wameanza kuingia lakini mimi nikikua hiyo kitu haikuwa, na Baba mwenyewe hakuwahi kunipandisha kwa boti yake hata siku moja, hata ya kwenda kutoa maji. Kwa hivyo samaki nimemjua akiwa ametoka majini. Najua macho, najua matamvua, nakisia kilo kwa kuangalia tu. Na mizani ndio ilinionyesha venye mambo yanaenda. Nikiwa darasa la tatu mbuta wa kilo 30 akitolewa kwa boti watu walikuwa wanaendelea na shughuli zao, leo akitoka mmoja wa hivyo bichi yote inatoa simu kupiga picha. Sheria ya ziwa inasema mbuta chini ya sentimita 50 asiuzwe na aliyepita 85 aachwe azae, na kila mtu mwenye ameshika mizani anajua ni wa saizi gani wanapita jioni wakiwa wamefunikwa gunia.

Hiyo ndio akili niliyoenda nayo baharini mara ya kwanza, 2022, na chama yetu.

Tulikuwa watu sita, tukakodi boti ya nusu siku kwa mji mmoja wa pwani ambao sitautaja. Ukisema unaenda kuvua bahari kuu wengi wanafikiria sulisuli na marlini, yule samaki wa kuruka juu unaona kwa picha, na hiyo ni kweli iko, boti inakimbia polepole imekokota chambo nyuma, watu wa pwani wanaita kurambaza. Lakini kuna hii nyingine ya kusimama juu ya mwamba na kushusha mshipi hadi chini kabisa kutafuta samaki wa mwambani kama chewa, kungu, changu, kelea, na ndio tulichagua, kwanza inakula mafuta kidogo, pili mshipi uko mkononi mwako saa zote na si kukaa kungoja fimbo ilie, tatu huyu ni samaki wa kula nyumbani.

Ilikuwa siku nzuri sana ukiangalia picha. Tulitoa samaki wengi. Shida ni kwamba wengi walikuwa chewa wadogo, urefu wa kutoka kiwiko hadi vidole, na wale vijana wa boti walikuwa wanawatoa ndoana wanawarusha majini, wanasema huyo mdogo ataenda akue. Nikaangalia nyuma ya boti. Hawakuenda popote. Walikuwa wanaelea tumbo juu, macho yametoka nje kama yamesukumwa na kidole, na mdomoni kuna kitu kama puto ya rangi ya waridi, wanapigapiga mkia wanajaribu kushuka wanashindwa, na ndege wakaanza kukusanyika. Nilihesabu kumi na moja. Nikauliza, nikaambiwa dada usijali, bahari hairudishi kitu bure. Sikujua niseme nini juu sikuwa na ujuzi wa hiyo kitu, nikanyamaza, na hiyo kunyamaza ndio naijutia.

Nikarudi Kisumu nikamwelezea Baba jikoni akiwa anakunywa uji. Hakuniuliza samaki walikuwa wangapi. Aliniuliza maji yalikuwa na kina gani. Nikasema nahodha alisema pima 25, kama mita 45 hivi. Akaweka kikombe chini akasema, "Nyara (ni binti yangu kwa Kijaluo), huyo samaki alianza kufa mkiwa bado mnamvuta." Akanielezea venye mbuta wa maji marefu, wa huko nje kupita kisiwa cha Mfangano, ukimtoa haraka kwa ndoana anafika juu amefura, na venye yeye mwenyewe akiwa kijana alikuwa anarudisha wadogo akifikiria amewaokoa kumbe kesho yake anawapata ufukweni wamevimba. Alafu akauliza swali ambalo sijalisahau. "Kwa nini hamkumrudisha chini?"

Mimi sikuelewa. Kumrudisha si ndio kumtupa majini? Akasema hapana, chini, pale mlimtoa.

Ilinichukua muda kusoma nikaelewa, na nataka kulieleza vizuri juu hapa ndio mzigo wote wa hii post. Samaki kama chewa na kungu ana mfuko wa hewa ndani, ule ule ambao kwa mbuta wanunuzi wanautafuta kuliko nyama yenyewe, unakaushwa unasafirishwa China. Huo mfuko unamsaidia kukaa kimo fulani bila kuzama wala kuelea. Sasa maji yanakandamiza. Kila mita 10 ukishuka baharini unaongeza mkandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu, kwa hivyo kwa mita 45 samaki amezoea kukandamizwa mara tano na nusu ya huku juu. Ukimvuta hadi juu kwa dakika mbili ile hewa ndani inataka kupanuka mara tano na nusu, na chewa hana njia ya kuitoa haraka kwa mdomo, mfuko wake umefungwa. Basi inasukuma kila kitu. Macho yanatoka. Ile puto ya mdomoni watu wanafikiria ni mfuko wa hewa, wanaitoboa kwa kisu wakidhani wanamsaidia, kumbe ni tumbo lake lenyewe limegeuzwa nje, ukilitoboa umemmaliza.

Dawa yake ni ile Baba alisema akiwa na kikombe cha uji. Unamrudisha chini kwa uzito. Akishuka hewa inakandamizwa tena inarudi saizi yake, macho yanaingia, tumbo linarudi, na kama hajakaa juu muda mrefu anaogelea. Vifaa viko vya aina nyingi, kuna kibanio cha kushika mdomo chenye risasi (ule uzito wa mshipi) nzito na kinajifungua chenyewe kikifika kina ulichopanga, lakini hata kreti ya plastiki ukiigeuza mdomo chini, ukafunga risasi kwa pembe na kamba juu, inafanya kazi, unaiweka juu ya samaki mnashuka pamoja, ukifika chini unavuta kreti yeye anabaki. Huko Marekani, kwa Ghuba ya Mexico ambako watu wanakodi boti kwa wingi sana kuvua hao hao jamii ya kungu na chewa, kuanzia Januari 2022 sheria ilisema boti ya kuvua samaki wa mwambani lazima iwe na kifaa kama hicho, au sindano maalum ya kutolea hewa, kikiwa tayari kabla mshipi haujaingia majini. Sindano inataka mtu amefundishwa mahali pa kudunga, mimi nasema kreti.

Na kwa nini niumie hivi juu ya chewa mdogo? Kwa sababu chewa si kama omena (dagaa) wa kuzaa leo kesho amejaa. Anakua polepole. Chewa wengi wanazaliwa majike, wanaishi hivyo miaka kadhaa wakizaa, alafu wakishakuwa wakubwa baadhi wanageuka madume. Kumaanisha ukitoa wakubwa wote umetoa madume, na ukiua wadogo umeua mama ambao hawajazaa na madume wa kesho pamoja. Na wakati wa kuzaa wanakusanyika mahali pamoja, mwaka baada ya mwaka pale pale, mtu akipajua anaweza kufagia mwamba mzima kwa siku chache. Kungu naye anaweza kuishi zaidi ya miaka 50, kuna mmoja anaweza kuwa amenizidi umri mimi na bado unamtoa kwa kipande cha ngisi. Mimi nimeona ziwa likipungua kwa macho yangu kwa mizani. Sitaki kuona mara ya pili.

Nikaamua nitarudi, lakini safari hii na Baba. Alikuwa hajawahi kuona bahari, miaka 67. Niliweka pesa kidogo kidogo, kakangu akaongeza akasema anakuja pia, na mwisho wa mwaka jana nikaanza kupiga simu.

Kuhusu boti, mnaouliza bei, jueni bei ni ya boti nzima na si ya kichwa, mkiwa wanne mnagawana mkiwa wawili mnalia wawili, na inategemea ni nusu siku ama siku nzima na mnaenda mbali kiasi gani juu mafuta ndio yanakula pesa. Uliza kama ndani kuna chambo, fimbo, barafu, maji ya kunywa. Uliza samaki ni wa nani, hii ni muhimu, boti niliyokodi ya kwanza samaki walikuwa ni wa boti na wewe unapewa wa kula, sisi tulidhani tunarudi na kreti nzima ikawa maneno. Lakini mimi sasa swali langu la kwanza kabla hata ya bei lilikuwa moja: mkitoa chewa mdogo kwa pima 25 mnamfanya nini? Watatu walinijibu tunamrusha. Mmoja akacheka. Wa tano, wa Shimoni, akanyamaza kidogo akasema, "Tunamshusha kwa kapu dada, kwani wewe ni mvuvi?" Nikamwambia baba yangu ndiye mvuvi. Nikamtumia deposit hiyo hiyo jioni.

Yeye ndio alitupangia tarehe pia. Nilikuwa nataka wikendi ya mwisho wa mwezi, akakataa, akasema hiyo ni bamvua. Mwezi ukiwa mpya ama ukijaa maji yanapwa na kujaa kwa nguvu, mkondo unakuwa mkali hata uweke risasi ya nusu kilo mshipi unalala haufiki chini. Kwa mshipi wa chini unataka maji mafu, katikati ya hizo bamvua mbili. Na unataka upepo wa kaskazi ukiwa umepoa, Februari hadi Machi, juu kusi ikishaanza Aprili bahari inachafuka na boti nyingi za kukodi zinapumzika hadi Julai au Agosti hivi.

Safari yenyewe: basi la usiku Kisumu hadi Nairobi, treni ya SGR hadi Mombasa, tukavuka Likoni kwa feri, matatu ya Lunga Lunga tukashukia njia panda ya Shimoni, alafu bodaboda. Ukijumlisha ni kama kilomita 900. Baba hakulala treni nzima, alikuwa anaangalia nje.

Tulifika Shimoni jioni maji yakiwa yamepwa. Baba akasimama pale juu ya jeti akaangalia mashua zimelala ubavu kwa mchanga mkavu, Kisiwa cha Wasini kiko pale mbele, akaniuliza hawa watu boti zao wamezipandisha nani. Nikamwambia hakuna mtu amepandisha, maji ndio yameondoka, yatarudi usiku. Alikaa hapo kwa jiwe hadi giza akiangalia maji yakirudi, akaweka kijiti, maji yakapita kijiti, akaweka kingine. Ziwa letu haliendi mahali. Kwa Kijaluo ziwa ni nam na bahari ni nam, lakini usiku huo aliniambia hii si nam moja na ile yetu.

Tuliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nahodha ni mzee wa makamo wa Wasini na vijana wawili, wote wakamwamkia Baba shikamoo kwanza kabla ya kitu kingine, naye akawaitikia marahaba vizuri kabisa. Jaketi kila mtu kavaa, redio ikajaribiwa, nahodha akataja kwa jeti tunaelekea upande gani na tunarudi saa ngapi. Kama boti haifanyi hivyo usipande, sina mengi ya kuongeza hapo. Dawa ya kichefuchefu meza usiku wa kuamkia safari na asubuhi tena, ukingoja hadi uanze kutapika umechelewa. Wimbi la bahari ni refu, linakuinua polepole linakushusha polepole, si lile fupi la ziwa la kupiga piga, kakangu lilimlaza chini saa ya kwanza yote.

Na mimi nilipanda. Nataka kuiandika hii. Baba aliingia kwanza, akageuka, akanyoosha mkono akanivuta ndani. Hatukuongea kitu juu ya hiyo maneno, wala yeye wala mimi.

Tulipita kando ya Kisite, ambako ni hifadhi na hakuna kuvua hata mshipi mmoja, nahodha akaonyesha kwa jipiesi mpaka uko wapi. Alisema vijana wengine wanalalamika lakini yeye anapenda kuwe na mahali samaki wanakaa bila kuguswa, wakijaa huko wanatoka wenyewe. Huku mbele ndio Mkondo wa Pemba, na kisiwa cha Pemba ni Tanzania kwa hivyo mpaka mwingine huo. Ukienda nje kidogo tu sakafu inaanguka hadi mamia ya mita. Baba alimwomba amwonyeshe kwa skrini. Ziwa Victoria lote, pahali pa kina kabisa ni kama mita 80. Alikuwa anaangalia hizo namba zinapanda hasemi.

Tukarudi kwa ukingo wa mwamba, pima 22. Mtego ni rahisi, risasi chini kabisa, juu yake kidogo kamba fupi yenye ndoana, chambo kipande cha ngisi ama ubavu wa jodari. Unashusha hadi usikie risasi imegonga, unapandisha mizunguko miwili mitatu isikwame kwa mawe. Ndoana zilikuwa za duara, zile ncha imeangalia ndani. Hizo ni nzuri, samaki hazimezi, zinamshika pembe ya mdomo, lakini ukisikia amegusa hutakiwi kuvuta ghafla, ukivuta inamtoka. Baba miaka 40 mkono wake umezoea kunyakua. Akapoteza watatu hivyo. Nahodha akaja akakaa karibu naye kwa heshima sana akasema, "Usinyakue mzee wangu, wewe kaza tu na uzungushe, atajifunga mwenyewe." Wa nne akapatikana.

Wa kwanza walikuwa kungu, jua likiwa linatoka. Huyu haishi ndani ya mwamba kama chewa, anaelea juu yake kidogo, na anapenda ule mwanga wa alfajiri na jioni. Anagonga gonga, alafu anatikisa kichwa unasikia hadi kwa bega. Mwekundu, meno ya mbele kama ya mbwa, usitie kidole. Tulipata wanne wazuri. Nahodha alisema wale wakubwa kabisa wa mwambani yeye hali, kuna sumu inatoka kwa mwani mdogo sana usioonekana kwa macho unaokaa kwa matumbawe, inapanda kutoka samaki mdogo hadi mkubwa inajikusanya, na haitoki kwa kupika wala kwa barafu, inaitwa siguatera. Mtu akishikwa nayo anaweza kusikia kitu baridi kama kinachoma. Kwa hivyo yeye anakula wa saizi ya sahani.

Chewa ni mwingine kabisa. Anakaa mlangoni mwa pango lake, anatoka anameza, anageuka anarudi ndani, yote ni sekunde mbili. Una hizo sekunde mbili. Ukimruhusu mita moja na nusu amekwisha ingia, anapanua mapezi na matamvua anakwama kama kabari. Wangu wa kwanza aliniingia. Nilivuta hadi mikono ikatetemeka, nahodha akasema legeza, legeza kabisa, weka fimbo chini tunywe chai. Tukangoja kama dakika nne. Mshipi ukaanza kusogea wenyewe polepole, chewa amefikiria mambo yameisha anatoka, hapo ndio nikakaza nikazungusha bila kupumua na akaja.

Alikuwa mdogo. Sentimita 38 hivi kwa rula ya boti, na puto imeshaanza kutokea mdomoni. Kijana akaleta kapu, kreti ya soda imefungwa risasi pembe nne, wakaiweka juu yake wakaanza kushusha kamba, Baba akasimama akasema nipe mimi. Akaishusha yeye mwenyewe, anahesabu kwa Kijaluo, hadi ikagonga chini. Akangoja. Akavuta kreti ikaja tupu. Tukaangalia nyuma ya boti, pande zote, kwa muda. Hakuna kitu kilielea. Niliingia upande wa injini nikalia kidogo, wale kumi na mmoja walinirudia wote.

Asubuhi hiyo tulishusha saba hivyo. Mmoja alielea, alikuwa amekaa juu muda mrefu kwa sababu ndoana ilikuwa ngumu kutoka, na huyo tukamweka kwa barafu.

Mkubwa alikuja kama saa nne. Baba hakusema kitu, nilisikia tu goti lake limegonga ubao. Alikaza zile sekunde mbili kama nahodha alivyomfundisha, samaki hakupata kugeuka, alafu ikawa ni kazi ya mgongo. Kijana alitaka kumsaidia nahodha akamzuia kwa mkono. Alipofika juu alikuwa kahawia mwenye madoa, mdomo unaingia kichwa cha mtoto, kilo 19 kwa mizani ya boti na mizani mimi nilisoma mwenyewe.

Na hapo tukatofautiana. Mimi nilitaka ashushwe, nikasema Baba huyu pengine ni dume, huyu ndiye wa kuachwa, kapu halimtoshi lakini kibanio kiko. Aliniangalia muda mrefu akasema, "Nyara, nimetoka Dunga. Huyu mmoja ninaenda naye. Na sitashusha mshipi tena leo." Nahodha akasema boti bado iko na masaa matatu ya kulipiwa. Baba akasema anajua. Akafunga mshipi wake vizuri, akaosha mikono, akaenda kukaa mbele na nahodha amuulize mambo ya bamvua na maji mafu, na hakugusa fimbo hadi jeti. Mimi bado nafikiria tungemshusha. Lakini nilimwona alivyofunga huo mshipi, na sijui wavuvi wangapi wangeufunga saa nne asubuhi samaki wakiwa wanakula.

Kichwa kilipikwa hapo hapo Shimoni nyumbani kwa mmoja wa vijana, supu ya nazi na ndimu, na bibi wa pale akamsongea Baba ugali mgumu alipojua ametoka wapi. Alisema nyama ya chewa ni ngumu kuliko ya mbuta na mafuta ni kidogo, kichwa ndio kitamu. Minofu tukaigandisha tukaifunga kwa boksi la barafu. Kisumu tumezoea kuona maboksi ya samaki yakipanda basi kuelekea Nairobi, hata siku hizi samaki wa kutoka China wakishuka, lakini makanga pale steji aliposikia hili linarudi ziwani likiwa na samaki wa bahari alilifungua aangalie. Majirani wote wa Dunga walionja.

Hiyo ilikuwa Februari. Baba hajaongea sana juu ya hiyo safari, yeye si mtu wa kuongea. Lakini binamu yangu anavua mbuta kwa ndoana huko maji marefu, na wiki iliyopita alinipigia akasema mzee amekuja kwa boti yake na kreti ya soda imefungwa mawe pembe nne, ameiweka hapo katikati bila kumwomba ruhusa, na kila mbuta asiyefika sentimita 50 anamwambia leta. Jana Baba mwenyewe akapiga. Hakunisalimia kirefu. Alisema kamba ya mita 20 haifiki chini huko wanakoenda, nimtumie pesa anunue nyingine kama hiyo aiunganishe.